Kabla ya Kununua Wayaringi ya Camaro au Charger

Anayenunua Chevrolet Camaro ya 1968 au Dodge Charger ya 1969 kwa ajili ya kuifufua humalizia hela zake kwenye injini na rangi. Nyaya hukumbukwa mwishoni, mfuko ukiwa umeshatoboka, na hapo ndipo anapokimbilia seti ya bei ya chini kuliko zote sokoni. Kazi ya umeme wa magari imenifundisha kuutafuta unafuu kwingine: nunua vipande vile tu ambavyo gari linavihitaji, na uhakikishe vimetengenezwa kwa gari hilohilo.

Inawezekana kwa sababu magari haya ya Marekani hayakutoka kiwandani na mtandao mmoja wa nyaya usiogawanyika. Camaro ina fungu la taa za mbele, fungu la injini, fungu la dashibodi lililoshikana na boksi la fyuzi, na fungu la nyuma linalopita sakafuni hadi kwenye buti. Yale ya mbele hukutana na la dashibodi kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria, katika plagi moja kubwa inayokazwa kwa bolti. Kwa hiyo kila fungu huzeeka kivyake. La injini hupikwa na joto la ekzosi na kulowa mafuta. La taa za mbele hukatwakatwa na kila aliyewahi kufunga honi mpya au taa za ziada. La nyuma, likiwa limelala pakavu chini ya zulia, mara nyingi huonekana baada ya miaka 50 likiwa bado laini na zima. Watengenezaji wanaofuata mfano wa kiwandani, kama American Autowire wa New Jersey na M&H wa California, huyauza mafungu haya moja moja. Ukinunua la injini na la mbele, ukaliacha la nyuma lililo zima, umebakiwa na pesa na gari liko salama vilevile.

Lakini kabla ya kutoa hata senti moja, shika mita. Washa injini, taa kubwa na feni ya hita, kisha pima kati ya kichwa hasi cha betri na bodi ya gari. Ukisoma zaidi ya volti 0.2, ugonjwa wa kwanza ni ethi, na ethi hutibiwa kwa brashi ya chuma, bolti safi na waya mnene unaounganisha injini na bodi. Nimeona magari yaliyokwisha hukumiwa kung'olewa nyaya zote yakipona kwa dawa hiyo tu. Ethi ikiwa nzuri, njoo kwenye nyaya zenyewe. Fungua tepu pale fungu linapopita karibu na injini, chukua waya mmoja uukunje kwa vidole. Ganda lake likipasuka, fungu hilo limekwisha. Likistahimili, limenye kidogo mahali palipo mbali na ncha. Shaba ikiwa nyekundu na inang'aa, waya ni mzima. Ikiwa imegeuka nyeusi mpaka huko ndani, haitashika pini wala risasi, na kuiunga ni kupoteza muda. Ndiyo sababu sishauri mtu anunue fungu la gari lililokufa kwa wauza vyuma chakavu: lina umri uleule na limepikwa na joto lilelile.

Kwa Charger, Plymouth Road Runner na ndugu zao wa Chrysler, pa kutazama kwanza ni kwenye plagi ya ukutani. Magari hayo yana mita ya ampea kwenye dashibodi, na mkondo wa kuchaji betri ulipangwa utoke kwenye alternata, upenye plagi ya ukutani kwa pini ndogo bapa, upite ndani ya mita, kisha upenye plagi ileile mara ya pili kurudi kwenye betri. Alternata za wakati ule zilitoa ampea 40 hivi, na pini zikiwa mpya zilivumilia. Miaka ilivyopita pini zikashika kutu na kulegea, ukinzani ukapanda, na mkondo mkubwa ukikutana na ukinzani huzaa joto. Chomoa plagi hiyo uimulike kwa tochi. Mara nyingi utakuta matundu mawili ambayo plastiki yake imegeuka kahawia na kuvimba, na ndani yake pini zilizoungua mpaka zikapoteza rangi. Mtu akifunga alternata ya kisasa ya ampea 100 juu ya mpangilio huo, anaweka moto nyuma ya dashibodi.

Hapa fungu jipya la mfano wa kiwandani peke yake halitoshi, maana linarudisha njia ileile yenye kasoro. Tiba yake haina gharama kubwa. Vuta waya wa geji 8 kutoka alternata moja kwa moja hadi kwenye relei ya stata, upande wa betri. Nyaya mbili za mita ya ampea zitoe na uzifunge pamoja kwa bolti iliyofunikwa vizuri, kisha tumia mita ya volti kujua hali ya betri. Waya huo mpya lazima uwe na kinga, yaani kipande cha waya wa kuyeyuka ambacho ni chembamba kwa saizi nne: kwa geji 8 hutumika geji 12, kwa kuwa namba ya geji ikipanda waya huwa mwembamba. Kipande hicho kikiungua, usiweke waya wa kawaida mahali pake hata kwa safari ya kwenda dukani.

Mwaka wa gari nao haubahatishwi. Camaro ya 1967 haina taa za ubavuni. Ya 1968 inazo, kwa sababu sheria ya Marekani ilizitaka kuanzia Januari 1968. Mwaka 1969 swichi ya ufunguo ilihama kutoka dashibodi kwenda kwenye nguzo ya usukani, kwa hiyo fungu la dashibodi la 1968 haliwezi kuvishwa gari la 1969 hata ukilibembeleza. Ukiwa na modeli ya RS yenye vifuniko vya taa, ya 1967 huvifungua kwa mota za umeme, za 1968 na 1969 hutumia mvuto wa hewa wa injini. Muuzaji anayeijua kazi yake atakuuliza kama giaboksi ni ya otomatiki au ya mkono, kama una geji kwenye konsoli au taa za onyo tu, kama alternata ina regyuleta ya nje. Asipouliza lolote, tafuta mwingine.

Kuna swali moja ambalo wanunuzi wengi hulisahau, nalo ni la koili. Magari ya enzi zile yaliwaka kwa kontakti pointi, na ili zisiungue mapema, kwenye Camaro waya unaopeleka umeme kwenye koili ulitengenezwa makusudi uwe na ukinzani. Kwa macho ni waya kama wengine. Ikiwa distribyuta yako sasa ni ya elektroniki, kama ile ya HEI ambayo General Motors iliieneza katikati ya miaka ya 1970, inataka volti zote 12, na ukiilisha kwa waya huo itakosakosa kila unapokanyaga mafuta. Watengenezaji wengi huuza fungu la injini la aina zote mbili. Taja distribyuta yako siku ya kuagiza.

Seti za jumla, zile zinazosemwa zinafaa gari lolote, ndizo zinazovuta macho kwa bei. Nyingi huuzwa kwa dola 200 hivi, wakati seti ya kisasa iliyokatwa kwa modeli fulani, kama zinazotengenezwa na Painless wa Texas, inaweza kuvuka dola 600. Ndani ya boksi la bei ndogo utakuta fyuzi za kisasa za bapa, jambo zuri kweli, na nyaya ndefu zilizochapwa jina la kazi yake. Ncha zote ni tupu. Kila taa, kila swichi, kila geji ni wewe utakayeikatia waya na kuibania pini, na plagi nyingi utazikata kwenye fungu la zamani. Rangi nazo mara nyingi hufuata utaratibu wa General Motors, hivyo mwenye Ford Mustang au Charger hataweza tena kutegemea mchoro wa umeme wa kitabu cha gari lake. Kwa anayemlipa fundi kwa saa, tofauti ya bei humezwa kabla hata ya kufika kwenye taa za nyuma. Mimi seti hizi huzikubali kwa gari moja tu: lile ambalo limeshabadilishwa injini, dashibodi na taa, lisilo na cha asili cha kurudishia.

Na hata hapo, chunguza waya. Baadhi ya nyaya za bei ya chini ni alumini iliyopakwa shaba kwa juu, nayo hupitisha umeme karibu theluthi mbili tu ya shaba ya saizi ileile. Kwenye taa kubwa utaiona kwa macho, maana taa ikikosa asilimia 5 ya volti hupoteza takriban asilimia 15 ya mwanga. Kata kipande, kwangua uzi mmoja kwa wembe. Rangi ya fedha ikitokea chini ya wekundu hadi ndani kabisa, rudisha seti dukani. Soma pia maandishi ya ganda. GXL na TXL ni maganda yanayohimili joto la nyuzi 125, yale ya plastiki ya kawaida yenye alama ya GPT huishia 80, na chini ya boneti ya injini ya V8 tofauti hiyo ina maana sana.

Pesa uliyookoa itumie kununua koleo zuri la kubania pini, lile linalokunja mbawa za pini kwenye shaba na kwenye ganda kwa pamoja. Pini iliyobanwa kwa koleo la kawaida huachia kwa mtikisiko.

Siku ya kuwasha mara ya kwanza, usifunge waya hasi moja kwa moja kwenye betri. Weka balbu ya wati 21 ya taa ya breki kati ya waya huo na kichwa cha betri, milango ikiwa imefungwa na swichi zote zimezimwa. Balbu ikiwaka kwa nguvu, kuna shoti. Chomoa fyuzi moja moja mpaka izimike na utajua ni njia ipi. Ikimulika ghafla na kuzimika, kisha ikarudia baada ya dakika moja au mbili, usiitafute shoti: ni saa ya dashibodi, ambayo kwenye magari haya hujitia ufunguo yenyewe kwa umeme.