Upasuaji wa Uvimbe wa Ovari na Uzazi

Endometriosi ni maradhi ambayo utando ulio kama ule wa ndani ya mji wa mimba huota penginepo. Ukishika ovari hujenga uvimbe wenye damu nzito iliyokaa. Ukuta wake hushikamana na nyama ya ovari. Ukibanduliwa, sehemu ya nyama yenye mayai huondoka nao, na mwili hautengenezi mayai mapya. Hasara huzidi ovari zote mbili zikipasuliwa au upasuaji ukirudiwa, ingawa wengi hushika mimba baadaye.

Basi mwanachama wa Rungwe au Mufindi anayeomba mkopo wa matibabu, naye angali anataka watoto, amweleze hivyo daktari wa hospitali ya rufaa kabla ya kutia sahihi. Uvimbe mdogo usioumiza wala kutiliwa shaka ya saratani mara nyingi waweza kungoja. Makatibu wasimharakishe ili hesabu ya mkopo ifungwe.