Samaki Mkubwa Ubavuni mwa Boti: Namna ya Kumwachia Akaishi



Likizo ikikaribia, hapa Durban hukosi kusikia kundi la wanafunzi wanachanga pesa wakodi boti wakavue. Wengine mnarudi nyumbani, na huko Watamu au Kilifi mwaliko ni ule ule. Boti nyingi za michezo siku hizi humwachia sulisuli na nduwaro. Jambo zuri, lakini jamani, samaki kuogelea akaondoka si dalili kwamba amepona. Anaweza kufa baadaye huko chini, hakuna anayemwona. Zile dakika chache za ubavuni mwa boti ndizo zinazoamua mengi.

Mimi ni mtu wa uhandisi, kwa hiyo naanzia kwenye mtambo wenyewe. Samaki hawa hupumua kwa kuogelea. Maji huingia mdomoni, yakapita kwenye matamvua, oksijeni ikaingia damuni. Akisimama, ni kama pampu imezimwa. Tena akipigana muda mrefu misuli hujaa asidi, kama miguu yako ukipanda mbio kilima cha Howard College. Tofauti ni kwamba wewe utakaa kivulini uhemee.

Basi zingatieni haya:

1. Msimchoshe kwa starehe. Tumieni mshipi wenye nguvu, na nahodha asogeze boti kumfuata samaki.

2. Kwa chambo, tumieni ndoana ya duara. Hii kwa kawaida hunasa pembeni mwa taya. Ile ya kawaida humezwa kirahisi zaidi, ikararua koo au tumbo.

3. Lindeni mikono. Vaeni glavu nene. Asiye mzoefu asizungushe mshipi mkononi hata kidogo, maana watu wamewahi kuvutwa baharini wakafa. Ile sime ya mdomoni nayo ni silaha: msisimame mbele yake. Anayeishika atumie mikono miwili, aielekeze mbali na mwili.

4. Msimtoe majini. Maji ndiyo yanayoubeba uzito wake. Mkimlaza kwenye boti, viungo vya ndani huumia na matamvua hukauka. Picha ipigwe akiwa majini.

5. Ndoana ikionekana, itoeni kwa koleo. Ikiwa imezama ndani, kateni mshipi karibu nayo muiache.

6. Boti iende mbele polepole, kichwa chake kikitangulia, maji yapite kwenye matamvua. Akianza kupiga mkia kwa nguvu zake, mwachieni.

Je, uzito? Huhitaji mzani. Kadiria kwa sentimita urefu wake kutoka taya la chini hadi panda ya mkia, zidisha kwa mzingo wa mwili mara mbili (yaani mzingo kwa mzingo), kisha gawanya kwa 28,900. Unapata kilo, kwa makadirio. Urefu wa 200 na mzingo wa 90 ni kama kilo 56.

Kuna pia alama za namba zinazochomekwa mgongoni. Hapa Durban taasisi ya ORI ina mpango huo tangu 1984, na kule Kenya African Billfish Foundation ilianzishwa 1990. Samaki akivuliwa tena, watafiti wanajua amesafiri wapi. Lakini maiti haisafiri, na alama yake haitufundishi kitu.

Najua wazee wa pwani watauliza: chakula mnakirudisha baharini? Swali halali, na sina ugomvi na mvuvi anayelisha watoto wake. Jodari na nguru, chukueni wa kuwatosha kwa mujibu wa sheria. Ila mkishaamua kumwachia samaki, mwachieni akiwa na uhai wa kweli. Akifa nyuma yenu, nyinyi mmekosa kitoweo, bahari imekosa samaki, na vijana wa boti za Watamu wamepungukiwa na kinachowaletea wageni.

Safari njema.