Historia ya dunia ndani ya simu: Mwanafunzi aulize, nani msimulizi?



Ndugu msomaji, Ijumaa ya leo tunapenda kuzungumza juu ya jambo lililotukuta Tunduma, mji wa mpakani katika mkoa wa Songwe. Tulikuwa tumekwenda kuwatembelea ndugu zetu, na baada ya swala ya Alasiri tuliketi barazani kwa mwenyeji wetu, mzee aliyekwisha kupita miaka themanini, huku barabarani malori yakisubiri zamu ya kuvuka kwenda Zambia. Mzee akatueleza habari za vita ya Mjerumani: namna baba yake, akiwa kijana, alivyochukuliwa pamoja na kaka yake kubeba mizigo ya jeshi, na namna yule kaka asivyorudi, wala kaburi lake halijulikani hadi leo.

Mjukuu wake, mwanafunzi wa kidato cha tatu, kijana msikivu na mwenye adabu, alikuwa amekaa mkekani karibu yetu. Babu alipotua, kijana akasema kwa upole: "Samahani, babu. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipiganwa Ulaya. Ilianza mwaka 1914 ikaisha Novemba 11, 1918. Tumeiona kwenye video." Kisha akatupa simu tuitazame. Video yenyewe ilikuwa ya dakika nne. Ilikuwa na ramani zinazotembea, mahandaki ya Ufaransa, vifaru na wafalme wenye masharubu. Afrika haikutajwa hata kwa neno moja.

Mzee hakujibu. Aliinuka taratibu akaenda kutawadha, na jioni ile hakuirudia tena habari ya baba yake mkubwa.

Ndugu msomaji, kijana yule hakukusudia kumkosea babu yake. Alisema alichofundishwa, tena alikisema kwa heshima. Lakini maana ya maneno yake ilikuwa moja tu, kwamba babu anasimulia jambo ambalo halikutokea. Nasi tuliokuwa pale, tuliopita madrasa na chuo kikuu, tulinyamaza, na kunyamaza kule kumetusumbua tangu siku hiyo. Ndiyo sababu ya makala haya.

Tuanze na ukweli wa jambo lenyewe. Vita ile, iliyoanza mwaka 1914, ilipiganwa pia katika nchi yetu kwa muda wa miaka minne. Mwezi Oktoba 1918 jeshi la Wajerumani, likiongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck, lilikuwa limerudi kutoka Msumbiji. Likazunguka upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, likapita nchi ya Mbozi, na mwanzoni mwa Novemba likavuka mpaka na kukishambulia kituo cha Waingereza cha Fife, si mbali na ilipo Nakonde ya leo. Kutoka hapo likateremka hadi Kasama. Bunduki za Ulaya ziliponyamaza Novemba 11, jeshi hili lilikuwa bado linatembea. Habari za kusimamishwa kwa vita zilimfikia Lettow-Vorbeck siku mbili tatu baadaye, karibu na mto Chambeshi, ambako leo upo mnara wa kumbukumbu. Akaweka silaha chini rasmi Novemba 25, 1918, mjini Abercorn, ambao sasa unaitwa Mbala. Alikuwa na Wazungu 155, askari Waafrika zaidi ya 1,100, na wapagazi wao.

Basi vita ya dunia, kwa watu wa ukanda huu, haikwisha Novemba 11. Siku zake za mwisho zilipita karibu na milango yao.

Na hao wapagazi ndio walioachwa na video ya kijana wetu. Katika nchi isiyo na barabara za magari, na yenye mbung'o wanaoua wanyama wa mizigo, jeshi lilikula na kupiga risasi kwa migongo ya watu. Pande zote mbili ziliwachukua wanaume kwa maelfu mengi, wengi wao bila hiari. Wanahistoria wanakadiria kuwa wapagazi waliokufa katika vita vya Afrika Mashariki, kwa pande zote, ni zaidi ya 100,000, na wengi waliuawa na maradhi, njaa na uchovu kuliko risasi. Jina la Kariakoo, ambalo Mtanzania hulitaja kila siku akienda sokoni Dar es Salaam, limetokana na jina la Kiingereza la jeshi hilo la wapagazi. Tunanunua na kuuza juu ya kumbukumbu yao bila kujua.

Je, tuseme basi kwamba video hizi ni mbaya, na vijana wakatazwe? Hapana, hatusemi hivyo, na anayesema hivyo hajaona hali ya mwanafunzi wetu. Vitabu vya historia ni vichache na ni ghali. Somo la historia ya dunia katika sekondari limezoeleka kufundishwa kwa Kiingereza, na wengi wanalikariri bila kulielewa. Mtaala uliorekebishwa, ulioanza kutekelezwa kwa awamu mwaka 2024, umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili linalofundishwa kwa Kiswahili, na hilo ni jambo la kheri. Lakini kwa habari za Ugiriki, Uchina au Mapinduzi ya Ufaransa, kijana wa Tunduma hupata msaada mkubwa katika simu ya mzazi wake, jioni au wakati wa likizo, kwa bando la fedha kidogo.

Tangu mwaka 2012, mwandishi wa Kimarekani John Green na wenzake walipotoa mfululizo wa Crash Course juu ya historia ya dunia, wenye vipindi 42 vya dakika kumi na kidogo kila kimoja, video za namna hii zimeenea kila mahali, na sasa zipo pia kwa Kiswahili. Ramani inayotembea humwonyesha mtoto kwa dakika moja jambo ambalo sisi tulilielewa baada ya muhula mzima. Hiyo ni neema, na neema hushukuriwa kwa kutumiwa vizuri.

Tatizo liko kwingine. Video fupi haina budi kuacha mambo mengi, na inapoyaacha haisemi kuwa imeyaacha. Mtazamaji akiondoka pale hudhani ameona yote.

Tutoe mfano wa pili, wa mpaka wenyewe wa Tunduma. Video nyingi husema kwamba mipaka yote ya Afrika ilichorwa katika mkutano wa Berlin. Mkutano ule ulianza Novemba 1884 ukamalizika Februari 1885, nao uliweka kanuni za Wazungu kugawana bara letu. Lakini mstari unaotenganisha Tunduma na Nakonde hautokani na kikao kile. Unatokana na mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa Julai 1, 1890, ambao ndani yake mto Songwe, ule unaoingia Ziwa Nyasa, umetajwa kwa jina. Baadaye wapimaji wa pande mbili walikuja kuutafuta mstari huo ardhini, na makubaliano juu ya kipande cha kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika yakafikiwa mwaka 1901. Wanyamwanga wakajikuta wako nchi mbili bila kuhama nyumba zao. Mwanafunzi anayevuka kwenda kumsalimia shangazi yake Nakonde anavuka mkataba wa mwaka 1890, na ni haki yake kuujua.

Tutaje pia reli. Video za Vita Baridi husimulia habari za Cuba na ukuta wa Berlin. Ni chache zinazokumbuka kwamba TAZARA, inayopita Tunduma, nayo ni tunda la zama zile. Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na njia ya Zambia ya kwenda baharini kwa upande wa kusini ikawa ya mashaka. Nchi za Magharibi zilikataa kugharimia reli mpya. Uchina ikakubali, kwa mkopo usio na riba, na kati ya mwaka 1970 na 1975 zikajengwa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Mtoto anayesikia honi ya treni usiku anasikia historia ya dunia.

Sasa tujigeukie sisi wenyewe Waislamu, maana si uadilifu kuchunguza habari zinazotuudhi tukaziacha zinazotufurahisha. Ipo video inayopendwa sana na vijana wetu, na hupelekwa kutoka kundi hadi kundi la WhatsApp, juu ya Mansa Musa wa Mali, ikisema kuwa ndiye tajiri mkubwa kuliko wote waliopata kuishi, na kwamba mali yake ilikuwa dola bilioni 400. Mansa Musa ni kweli. Hija yake ya mwaka 1324 ni kweli. Mwandishi Al-Umari wa Damascus alifika Cairo miaka kama kumi na miwili baadaye, akawauliza watu waliomwona mfalme huyo, akaandika kwamba thamani ya dhahabu ilishuka kwa wingi wa ile aliyoigawa. Lakini hizo dola bilioni 400 amezitaja nani? Zilienezwa mwaka 2012 na tovuti ya Kimarekani inayokadiria mali za watu mashuhuri. Hakuna mwandishi wa zama zile aliyeacha daftari la mali ya Mansa Musa. Tukiipokea tarakimu hiyo kwa kuwa inatupendeza, tumefanya kosa lile lile la kijana wetu.

Ajabu ni kwamba dawa ya maradhi haya tunayo nyumbani. Aya ya sita ya Surat Al-Hujuraat inawataka waumini waichunguze habari kabla ya kuifanyia kazi, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua kisha wakajuta. Wanazuoni wa hadithi walijenga juu ya msingi huo elimu nzima ya isnadi: fulani kasikia kwa fulani, na kila fulani akachunguzwa kumbukumbu yake na ukweli wake. Naye Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, alianza Muqaddima yake kwa kuwalaumu wanahistoria wanaonukuu tarakimu kubwa za majeshi bila kupima. Alihoji kama nchi za Misri na Shamu zingeweza kulibeba jeshi la watu laki sita lililokuwa likisimuliwa. Lau angeiona video ya Mansa Musa, tunadhani angeuliza swali hilo hilo.

Kwa hiyo tunatoa nasaha tatu.

Kwanza, kwa wanafunzi. Kila umalizapo kutazama video, jiulize: nani kasimulia, naye kapata wapi, na ni nani aliyeachwa? Ukikosa jibu, usiitupe video. Iweke kando, kisha utafute kitabu au umuulize mwalimu.

Pili, kwa walimu wa shule na wa madrasa. Msiikimbie simu, kwani mtoto ataikuta nyumbani. Itazameni video pamoja na wanafunzi, muisimamishe katikati, mwaulize: wakati haya yanatokea, hapa kwetu palikuwa na nini? Swali hilo moja litawafanya watafute Fife, Chambeshi na mkataba wa mwaka 1890.

Tatu, kwa familia. Simu inayoleta historia ya wengine inaweza pia kuhifadhi ya kwenu. Mketisheni mzee, muombeni ruhusa, mrekodini. Naye ni msimulizi kama wengine. Huenda akachanganya mwaka au majina, na kumlinganisha na maandishi si kumvunjia heshima. Aliye kosa la kweli ni yule anayemnyamazisha kabla hajasikilizwa. Wale walioona vita ile kwa macho yao wamekwisha kwenda mbele ya haki, na waliosikia kwa vinywa vyao wanapungua kila mwaka.

Usiku ule, baada ya swala ya Isha, tulimwita kijana tukamweleza habari za Fife na za Abercorn kama tulivyozieleza hapa. Alisikiliza kimya, kisha akauliza, "Kwa hiyo, sheikh, babu alikuwa anasema kweli?" Tukamjibu kwamba jeshi lilipita, na wapagazi walichukuliwa; yaliyobaki ayaulize kwa mwenyewe.

Alfajiri tulipotoka msikitini tulimwona ameketi chini miguuni pa babu yake, simu iko juu ya mkeka, inarekodi. Alikuwa anamuuliza jina la yule kaka ambaye hakurudi. Mzee alikaa kitambo, akalitaja, kisha akalitaja tena polepole ili mjukuu aliandike sawasawa.

Tunamwomba Allah (S.W.) awarehemu waliokufa bila kaburi kujulikana, awape wazee wetu afya, na awajaalie vijana wetu elimu yenye manufaa.

Wabillahi tawfiq.