Unga tu hautoshi

Wadau, watu wengi hudhani Ukristo wa matendo ni kugawa unga na nguo kuukuu, basi. Mimi nikisikia hivyo nakumbuka akina mama wa Uhuru Park, Nairobi.

Tarehe 28 Februari 1992 akina mama, wengi wao wazee, walianza kugoma kula pale bustanini wakiwa na Wangari Maathai. Wana wao walikuwa jela kwa sababu za kisiasa. Tarehe 3 Machi polisi wakawavamia kwa marungu na mabomu ya machozi. Maathai alipigwa akazirai. Baadhi ya mama wakavua nguo mbele ya askari, na hiyo kwetu ni laana, si mchezo.

Wakakimbilia kanisa la All Saints, la Kianglikana, hapo jirani tu. Sasa, kumpa mtu mahali pa kulala siku mbili ni huruma, hata mimi naweza. Lakini wale walikaa chini ya kanisa karibu mwaka mzima, wakidai wana wao. Kuwaweka siku zote hizo, serikali imekasirika, ilikuwa ni kusema wazi kwamba madai yao ni ya haki. Mapema 1993 wafungwa karibu wote wakaachiliwa.

Mwezi jana jirani yangu, mjane, alitolewa vyombo nje bila notisi. Nilimpelekea unga. Kumsindikiza kwa chifu nikaogopa, maana mwenye nyumba tunasali naye.