Ukoko mweupe kwenye birika si uchafu

Wakazi wengi wa Dodoma wanaujua: birika la umeme bado jipya, ndani limeshaota ukoko mweupe. Ukisugua, hautoki. Hiyo ni chokaa. Maji ya visima hupita kwenye miamba yakabeba kalsiamu na magnesiamu. Yakichemka, madini hayo huganda kwenye chuma.

Ukoko huo si sumu, ila huzuia joto. Chai huchelewa, uniti za LUKU huisha haraka, na koili inaweza kuungua.

Mzazi, kila mwezi chemsha siki na maji nusu kwa nusu, chomoa waya, acha saa moja, kisha suuza vizuri. Usichanganye siki na jiki kamwe: hutoa hewa yenye sumu.