Kipanya Kinaporukaruka: Namna ya Kutambua Chanzo katika Kompyuta Iliyolemewa

Kompyuta inapolemewa na kazi nyingi, huenda mshale wa kipanya ukaanza kwenda ovyo: mara husimama, mara hurukia pembe ya skrini, mara hufuta kitu ambacho mtumiaji hakukigusa. Kwa mwenye kuandika tasnifu au kupanga msamiati wa kamusi, bofyo moja la uongo laweza kuharibu kazi ya siku nyingi. Wengi hukilaumu kipanya na kukitupa, ilhali huenda kikawa kizima.

Kwanza, dalili mbili hazina budi kutenganishwa. Mshale ukiganda kisha ukaendelea na safari yake, habari za kipanya zimefika salama. Programu inayochora skrini ndiyo iliyokosa zamu, au kumbukumbu imejaa hata mfumo ukawa unahamishia data diskini. Lakini mshale ukiruka na kubofya wenyewe, habari zenyewe zimevurugika njiani.

Mfano bayana ni kipanya cha tundu la PS/2, lililoletwa na kampuni ya IBM mwaka 1987, kikitumiwa katika mfumo wa Linux. Kipanya cha kawaida cha aina hii huandika kila mwendo kwa baiti 3: ya kwanza hueleza vitufe na alama za mwelekeo, ya pili mwendo wa mlalo, ya tatu mwendo wa wima. Kila baiti ifikapo humkatiza prosesa ili aipokee. Prosesa akizuia ukatizaji kwa muda mrefu, kwa mfano anapohudumia diski ya zamani, baiti huchelewa au hupotea. Tena, ikipita zaidi ya nusu sekunde kabla ya fungu kukamilika, kiendeshi cha Linux hukitupa kipande kilichokwisha kupokewa.

Matokeo yake yafananishwa na maandishi yasiyo na nafasi, yanayosomwa silabi tatu tatu. «Kitabu kizuri chasomwa» yakipoteza silabi «ta», msomaji hupata «kibuki zuricha somwa». Vivyo hivyo, baiti ya mwendo husomwa kana kwamba ni ya vitufe. Ndipo bofyo la uongo linapozaliwa.

Uchunguzi ufuate utaratibu. Amri ya dmesg huonyesha kumbukumbu za kiini cha mfumo. Humo kiendeshi huandika kwamba kipanya kimepoteza ulinganifu. Kisha kipanya kisogezwe kompyuta ikiwa imepumzika, na tena wakati faili kubwa linanakiliwa. Kikiruka katika hali zote mbili, waya au kipanya chenyewe kishukiwe. Kikiruka wakati wa mzigo tu, kijaribiwe kipanya cha USB, ambacho hutuma taarifa yake ikiwa fungu moja lenye namba ya kuhakiki makosa. Ugonjwa ukitoweka, kosa lilikuwa katika njia ya PS/2.

Katika kompyuta za zamani, tiba ilikuwa kuiruhusu diski ihamishe data bila kumshughulisha prosesa, kwa amri ya hdparm -d1. Amri ya hdparm -u1, inayoruhusu ukatizaji wakati diski inahudumiwa, ilihitaji hadhari kubwa: kwa baadhi ya vifaa iliweza kuharibu mafaili yote. Hivyo nakala ya akiba hutangulia tiba, na utambuzi hutangulia vyote viwili.