Nyimbo za Tabora zitarudi lini nyumbani?

Ikiwa ulikulia Isevya, Cheyo au Ng'ambo mjini Tabora katika miaka ya 1970, huna haja ya kuelezwa Tabora Jazz walikuwa akina nani. Bendi ile, pamoja na mtindo wake wa Segere Matata, ilikuwa mali ya mji kama ilivyo miembe yake. Kabla yake walikuwapo Kiko Kids wa Salum Zahoro, walioanza kuwachezesha watu tangu miaka ya 1950. Walikuwapo pia Nyanyembe Jazz, ambao jina lao lilikumbusha utemi wa Unyanyembe. Hata Western Jazz, iliyotia fora Dar es Salaam, iliundwa na vijana waliotoka Jimbo la Magharibi, nao hawakuona haya kulitangaza jimbo lao katika jina la bendi.

Wala si ajabu kwamba mji huu ulizaa wanamuziki wengi kiasi hicho. Misafara ya karne ya kumi na tisa ilipumzika hapa, na wapagazi wa Kinyamwezi walibeba nyimbo pamoja na pembe za ndovu hadi Bagamoyo. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, kisha Kigoma mwaka 1914 na Mwanza mwaka 1928, mji uligeuka kuwa njia panda. Magitaa ya Kongo yakaingia kwa upande wa Kigoma, na mitindo ya pwani ikapanda kutoka mashariki.

Lakini sauti zenyewe hazikuwekwa Tabora. Ziliwekwa Dar es Salaam, kilometa zaidi ya 800 kwa reli, katika maktaba ya Radio Tanzania iliyokuwa Barabara ya Pugu, ambayo siku hizi ni Barabara ya Nyerere. Kituo hicho kilizaliwa mwaka 1951 kikiitwa Sauti ya Dar es Salaam, kikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na mwaka 1965 kikachukuliwa na Serikali na kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, au RTD kama tulivyozoea kuiita.

Kijana aliyezaliwa katika enzi ya vituo vingi huenda asielewe uzito wa redio hiyo moja. Santuri nyingi za bendi zetu zilitengenezwa Nairobi, na si kila bendi iliyoweza kufika huko. Kwa bendi ya mkoani, RTD ndiyo iliyokuwa studio, ndiyo iliyokuwa msambazaji, na ndiyo iliyokuwa hakimu. Malipo yalikuwa madogo. Faida ilipatikana baadaye, pale wimbo uliopigwa katika Mchana Mwema au Klabu Raha Leo Show ulipowavuta watu kwenye ukumbi Jumamosi. Redio moja iliyowekwa barazani ilitosha mtaa mzima, na wimbo uliotungwa Tabora uliweza kujulikana Mtwara kabla mpiga gitaa wake hajaiona bahari.

Mwaka 1993 sheria iliruhusu vituo vya watu binafsi, na mwaka 1994 Radio One ikaanza kusikika. Wapo wanaovilaumu vituo hivyo kwa kuua muziki wa dansi. Mwandishi wa makala haya haafiki. Vijana walipata walichokitaka, kama wazazi wao walivyopata cha kwao. RTD iliunganishwa na televisheni ya taifa mwaka 2002 kuwa Taasisi ya Utangazaji Tanzania, na tangu 2007 chombo hicho ni TBC. Nyimbo za zamani bado hupigwa, zikiitwa zilipendwa, neno ambalo ukilitazama vizuri limekwisha kuzizika kwa kuziweka katika wakati uliopita.

Hatari kubwa imo ndani ya utepe wenyewe. Utepe wa kunasia sauti ni ukanda wa plastiki uliopakwa vumbi la madini ya chuma, likashikiliwa na gundi. Katika joto na unyevunyevu wa Dar es Salaam, gundi hunyonya maji, tabaka hushikana, na utepe ukizungushwa mashineni vumbi hubanduka, nalo likibanduka huondoka na sauti. Mashine za kuchezea tepu hizo nazo zimezeeka na vipuri ni adimu. Kazi ya kunakili haina njia ya mkato, kwani saa moja ya muziki huhitaji saa moja ya kuisikiliza. Saa 1,000 tu, kwa fundi mmoja anayefanya kazi saa nane kwa siku, ni siku 125.

Hata hivyo, zipo dalili njema. Mwaka 2007 kampuni ya Kifaransa ilitoa albamu ya nyimbo za dansi za miaka ya 1960. Mradi wa Tanzania Heritage Project, ulioanza 2011, ulichangisha fedha kwa ajili ya kuziingiza tepu za RTD katika kompyuta. Mwaka 2018 ikatoka filamu ya Wahenga, ambamo mwanamuziki John Kitime anawakusanya wakongwe wapige tena. Kinachokosekana, kwa maoni yetu, ni safari ya kurudi. Tabora ina vituo vyake vya redio sasa. Kwa nini nakala za Kiko Kids, Nyanyembe na Tabora Jazz zisikabidhiwe mkoani, zikapigwa saa moja kila Jumapili, na wazee wakaalikwa kueleza nani alipiga nini?

Zikirudi, zirudi na haki yake. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Shem Karenga, mtunzi wa Dada Asha, alifariki 2014, kwa hiyo warithi wake wana haki hadi 2064. Kituo kitakachopiga wimbo huo bila kulipa kitakuwa kimeurudisha mji wimbo huku kikiwanyima wenyewe.

Nawe msomaji, huenda unayo sehemu ya maktaba hiyo. Familia nyingi zilirekodi vipindi vya redio katika kaseti. Itafute sandukuni, uiondoe juu ya kabati linalopigwa na jua, na uvunje vile vijimeno viwili vya mgongoni ili mtoto asije akarekodi juu yake. Usiicheze kwanza; izungushe polepole mwanzo hadi mwisho. Kisha mwulize aliyeirekodi jina la bendi, mwaka na kipindi, uandike kwa kalamu ya risasi kwenye karatasi ya ndani, maana wino huchuja.